Jina Chini ya Selotepu

Nyamizi alikuwa ameshachovya sponji kwenye rangi ya bluu pale bibi harusi alipomshika mkono.

"Dada, subiri."

Kwenye kadi ya harusi Nyamizi alikuwa amebandika majina mawili aliyoyakata kutoka kwenye selotepu ya karatasi, la binti huyo na la mchumba wake. Rangi ingepita juu ya yote, kisha selotepu ikibanduliwa, majina yangebaki meupe.

Nje ya kibanda cha Nyamizi cha kutengenezea kadi, baba wa binti alikuwa akimsimulia fundi cherehani habari za ng'ombe wa mahari waliokwisha kuingia zizini kwake.

Kucha ya binti ikatafuta ncha ya herufi ya kwanza ya jina la mwanaume. Akaibandua taratibu. Kadi ikaota manyoya pale selotepu ilipotoka. Akabandua ya pili, mpaka zikaisha.

"Mdogo wangu, unajua unachofanya?" Nyamizi alinong'ona.

"Najua. Paka."

"Na baba?"

"Nitamwambia mwenyewe."

Nyamizi akapaka kadi nzima, kisha akabandua selotepu iliyobaki. Jina la binti likatokea jeupe, peke yake.

"Vipi, tayari?" Baba aliinama kuingia mlangoni.

Binti akapiga goti, akamnyooshea kadi mbichi kwa mikono miwili.