Mgeni wa Saa Saba

Kwa kila muswada wa sheria, kila nyumba ilikuwa na kauli moja tu, nayo ilitolewa kwa kisanduku cha serikali ukutani kabla ya saa saba mchana. Siku hiyo muswada ulitaka binti aliyebeba mimba bila ndoa afutwe kwenye orodha ya watu wa nyumba ya kwao.

Mwanasha alikuwa jikoni akipakua wali, tumbo limemtangulia. Mama yake, Mwanakheri, aliona anavyopakua polepole ili asikie.

"Sema hapana, Baba Mwanasha," alimwambia mumewe, Shekuwe.

"Mtaa mzima umekubali. Unataka tunyooshewe vidole?" Shekuwe akakigeukia kisanduku. "Nyumba hii inakubali."

Wakakaa mkekani. Mwanasha akaja na birika na bakuli kumnawisha baba yake, kama alivyozoea tangu utotoni. Baba akanyoosha mikono. Hapo hapo, saa saba kamili, kisanduku kikatangaza, kwa sauti ya upole, kwamba sheria imepita na humu ndani yumo mgeni mmoja ambaye hajaandikishwa.

Mwanakheri akalichukua birika mkononi mwa mwanawe, akamkalisha, akamnawisha yeye kwanza.

"Mgeni hamtumikii mwenye nyumba," alisema.

Maji yakaishia hapo. Shekuwe alikuwa bado amenyoosha mikono.