Kifaransa cha Benki

Kwa miaka ishirini na sita Bulambo alimsihi mkewe, Mapendo, ajifunze Kifaransa kidogo, angalau cha kwenda benki.

“Siku nisipokuwepo utafanyaje?” alikuwa akimuuliza.

Mapendo alikuwa akicheka tu na kuendelea kusonga ugali.

Alijifunza wiki sita baada ya kumzika. Binti wa jirani alimfundisha hapo hapo jikoni: kusalimu, kujibu salamu, kuomba kufunga akaunti. Alirudia maneno hayo akiosha vyombo mpaka ulimi ukayazoea.

Asubuhi aliyokwenda benki, karani mwenye miwani alisoma jina kwenye kitabu cha akaunti, uso ukamchangamka.

“Et monsieur Bulambo, il va bien?”

Alikuwa akimuulizia hali ya mumewe. Mapendo alielewa kila neno, na kabla hajafikiri, mdomo ukatoa jibu kama ulivyofundishwa.

“Il va bien, merci.” Hajambo, asante.

Karani akatabasamu. “Mumeo hutusimulia habari zako, mama,” akasema kwa Kiswahili cha kujikongoja. “Alisema iko siku utakuja mwenyewe, uongee Kifaransa.”

Mapendo alitaka kusahihisha. Neno la kufa hakuwa amefundishwa, na la Kiswahili hakuthubutu kulitamka. Akafungua mkoba, akakishika cheti cha kifo, asikitoe. Upande wa pili wa kioo karani alikuwa bado anatabasamu, mkono ameunyoosha, akingoja.