Mpiga Ngoma wa Njiwa

Paliondokea bendi ya nyimbo za huzuni. Punda na Njiwa waliimba, Nguchiro akapiga ngoma. Siku moja Kobe, aliyewaalika, aliwauliza walijifunzia wapi muziki.

“Chini ya mizigo,” alijibu Punda.

“Kwa baba yangu,” alisema Nguchiro.

Njiwa alisema: “Nilirudi kiotani, pale mkuyuni, nikakuta manyoya ya wanangu tu. Kilio kile ndicho kilichokuwa wimbo wangu wa kwanza.”

Nguchiro alishtuka. “Mkuyu ule uliopigwa na radi?”

“Umejuaje kuwa ulipigwa na radi, ndugu yangu? Sijamwonyesha yeyote mti wa kiota changu.”

Nguchiro aliinamisha kichwa, akaficha meno yake nyuma ya ngoma.

“Miaka mitatu nawalilia wanangu,” alisema Njiwa, “nawe wanipigia ngoma!”

Akaruka, na bendi ikafa siku hiyohiyo.