Besi ya Baba

Siku hizo wimbo pungufu ulikuwa umepigwa marufuku. Nyumba ikikosa mwimbaji, mashine ya ukutani ilijaza sauti yake, na aliyeizima alifungiwa kuimba mwaka mzima, hata kanisani.

Kwa hiyo tangu Baba azikwe, sauti yake ya besi ilitoka ukutani kila walipoimba baada ya chai ya jioni, safi, bila kikohozi. Binti yake Nyanjige, aliyeimba sauti ya alto katika kwaya ya vijana ya Kanisa la Mennonite pale Mugango, uvumilivu ukamwishia.

"Baba alikuwa anachelewa ubeti wa tatu," alimwambia mama yake. "Alikuwa anavuta pumzi, na sisi tunamsubiri. Hiki kidude hakijawahi kuchelewa."

"Mwanangu, ndiyo sauti yake iliyobaki."

"Siyo yake, Mama. Yake tulimzika nayo."

Akabonyeza kitufe, besi ikazimika. Mdogo wake Masatu, aliyeimba sauti ya tenori, akautazama mlango.

"Watatufungia, dada."

"Watufungie! Jumapili vijana wote wa kwaya wanazima sauti za mashine za kwao."

Nyanjige akaanzisha wimbo, Masatu akafuata, na mwisho Mama akaingia na soprano yake inayotetemeka. Walipofika ubeti wa tatu, ni Mama aliyeinua mkono. Wakanyamaza kwa urefu wa pumzi moja ya Baba, kisha wakaendelea hadi mwisho.

"Besi haipo," ilisema mashine.

"Tunajua," alijibu Mama. "Masatu, fungua madirisha. Tunarudia tangu mwanzo."