Bawa la Kanga Kichakani

"Tafuta!" Nyamizi akaamuru. Mbwa wa marehemu mumewe akaingia kichakani, ambamo Nyamizi alikuwa ameficha bawa la kanga ili kumjaribu, lakini hakukawia kutoka, akamkodolea macho Nyamizi.

"Akitoka tena kinywa kitupu, shemeji, naondoka naye nikamfunge mnyororo alinde mbuzi," alisema Lugendo, mdogo wa marehemu. "Huyu anawinda uso wako tu."

Nyamizi akang'amua. Kumbe siku zote macho yake ndiyo yaliyomwonyesha mbwa njia.

"Tafuta, baba," akasema taratibu, kisha akampa mbwa mgongo na kumwachia Mungu.

Ukungu ulikuwa umelala majanini. Nyuma yake matawi yakatikisika, yakatulia, yakatikisika tena mbali zaidi, mbwa akinusa bila kurudi kumtazama, kana kwamba kilima kizima kilikuwa kikipumua usingizini.