Utaratibu wa Arobaini na Moja

Ulipokiona kiti cha Shomvi kitupu uligeuza shingo. Usibishe, tulikuwepo sote. Basi leo mtazame mkewe, Tausi, katika ofisi ileile ya maji.

Ameagizwa aorodheshe taratibu zote zilizohifadhiwa kwenye hifadhidata, yale maagizo ambayo kompyuta huyatekeleza yenyewe bila kushikwa mkono. Utaratibu wowote ambao mwandishi wake hayupo tena kazini utafutwa adhuhuri.

Anabonyeza, orodha inashuka. Kwenye mstari wa mwisho, mwandishi ni Shomvi. Miaka mitatu tangu wamchukue, wamefuta jina lake mlangoni, wamemfuta hata kwenye picha ya wafanyakazi. Humu walisahau. Kila alfajiri utaratibu wake bado unawafungulia maji watu wa bondeni, ambao hakuna mkubwa aliyewahi kuwatia kwenye ramani.

Tausi anaufungua. Juu kabisa mumewe ameacha maneno: "Tausi, usiguse kitu hapa kabla hujanywa chai."

Anacheka, kisha anajiziba mdomo.

"Ziko ngapi, Bi Tausi?" meneja anauliza akiwa mlangoni.

"Arobaini."

"Mbona kwangu naona arobaini na moja? Au macho yameanza kuzeeka?"

"Labda nimeruka mstari, bosi."

"Hesabu tena. Kwa sauti, nisikie."

Anaweka kidole kwenye kioo, anaanza na moja, polepole, kama mtu anayesindikiza mgeni huku akitamani asiondoke. Wewe uliyesimama nyuma ya meneja, usigeuze shingo tena. Ingia sasa hivi umsaidie kuuokoa utaratibu wa Shomvi, kabla hajafika mwisho.