Chemba Isiyonuka

Fundi Mbaruku alitaka kwanza aifunue chemba ya maji machafu, ndipo ajenge baraza la bustanini. Shomari, mwenye nyumba, akamkatalia.

"Usiiguse. Izungushie baraza tu."

"Lakini mzee, mfuniko utakuwa miguuni mwa wageni. Harufu wataivumilia?"

"Harufu gani?"

Mwanakheri, mkewe, aliyekuwa akimwagilia asumini, alisita. Kweli, miaka yote hiyo chemba ile haijawahi kunuka.

Baraza likaisha, likapakwa chokaa. Jioni mume na mke wakakaa hapo kunywa kahawa, mfuniko wa chuma ukiwa miguuni pao. Mwanakheri akainamisha kikombe chake, kahawa ikaingia polepole kwenye tundu la mfuniko.

Wote wawili walisikia. Haikuangukia maji. Iligonga bati, ta, ta, ta, kama mvua juu ya sanduku.

"Baba Rukia, humo mna nini?"

"Maji machafu, mama." Shomari akanyoosha mguu, akaliziba tundu kwa kisigino. "Hebu niongezee kahawa."

Mwanakheri akainua birika, akalishikilia hapo hewani bila kumimina, akisubiri mguu ule uchoke.